Siri, Faragha na Kutotambulika: Uhakiki wa Mwongozo Mmoja wa Morogoro

Miezi michache iliyopita tulipokea mezani petu mwongozo wa kurasa arobaini na moja uliotafsiriwa na kikundi cha vijana wa Manispaa ya Morogoro. Mwongozo wenyewe wahusu programu ya kompyuta iitwayo Bitcoin Core, na hasa namna ya kuiendesha nyumbani kwa kupitia Tor, yaani mtandao ufichao mahali ujumbe unapotoka. Watafsiri walituomba jambo dogo tu: tuwatazamie istilahi kabla ya kuupiga chapa. Tuliusoma mara mbili, kisha tukaona kwamba kuujibu kwa barua hakutoshi, kwa sababu makosa tuliyoyakuta humo si ya vijana hao peke yao. Tumeyaona magazetini, tumeyasikia redioni, na twakiri kwamba mengine yamepita mikononi mwetu wenyewe pasipo kukemewa.

Yafaa kwanza tutoe haki ya watafsiri. Kiswahili chao ni chepesi, wala hakina ule ugumu wa kuilazimisha sentensi yetu ivae nguo iliyoshonewa lugha nyingine. Pale ambapo asili yasema kwamba programu husikiliza katika mlango fulani, wao wameandika kwamba programu hungoja wageni mlangoni hapo, na maana imetulia. Pale ambapo kompyuta moja hutafuta kuungana na nyingine, wameandika kwamba hupiga hodi. Hapo sisi hatuna la kuongeza ila kuwapa heko.

Lakini liko neno moja lililowatawala mno, nalo ni "siri". Tumelikuta katika "neno la siri", "ufunguo wa siri", "sarafu ya siri", "anwani ya siri" na "mtandao wa siri". Msomaji asiyekuwa na asili mkononi atadhani kwamba mambo hayo matano ni ya ukoo mmoja. Sivyo. Mawili ya mwanzo ni siri kweli, maana mwenyewe akiyataja kwa mwingine amekwisha kupoteza mali yake. Matatu yaliyobaki si siri hata kidogo, na kuyaita hivyo kumeleta madhara ambayo tutayaeleza.

Siri ni jambo ambalo mwenye nalo amelizuia lisijulikane na mwingine. Mtumishi wa serikali anaijua vyema kwa mhuri wake. Jalada lililopigwa mhuri wa SIRI laonekana na kila mtu ofisini. Tarishi hulibeba kwapani mchana kweupe. Jina la anayepelekewa limeandikwa juu, na ofisi iliyotuma yajulikana. Kilichozuiwa ni yaliyomo. Basi neno hili lahusu yaliyomo ndani ya bahasha, halimhusu aliyeiandika wala aliyeandikiwa.

Sasa tuitazame sarafu. Daftari la Bitcoin lilifunguliwa tarehe 3 Januari 2009, na tangu siku hiyo kila malipo yameandikwa humo wala hayafutiki: kiasi, wakati, anwani iliyotoa na anwani iliyopokea. Daftari hilo halikufungwa kwa msimbo wowote. Leo limezidi gigabaiti 600, na kila anayeendesha programu kamili hulipakua lote na kulikagua ukurasa kwa ukurasa. Mwanafunzi aliyeko Mzumbe aweza usiku huu kusoma malipo yaliyofanywa mwaka 2010 na watu asiowajua, katika nchi asizopata kufika. Hesabu za msimbo zitumikazo humo zina kazi ya kuthibitisha sahihi ya mwenye mali na kuzilinda kurasa zisighushiwe, hazifichi kitu. Kuliita jambo la namna hiyo "sarafu ya siri" ni sawa na kuliita tangazo lililobandikwa ukutani kwa mtendaji wa kata barua ya siri.

Hata mazungumzo ya kompyuta zenyewe kwa zenyewe yalikuwa wazi kwa miaka mingi, na aliyekaa katikati ya njia, mathalani kampuni ya simu, angeweza kuyasoma yalivyo. Usimbaji wa mazungumzo hayo uliingizwa katika toleo la 26.0 la Bitcoin Core mwezi Desemba 2023, ukawa jambo la kawaida lisilohitaji kuombwa katika toleo la 27.0 la Aprili 2024. Tangu kuanza kwa daftari hadi hapo ni karibu miaka kumi na mitano, na miaka yote hiyo sisi tulikuwa tukisema "siri".

Wako watakaotujibu kwamba basi tuseme "sarafu fiche", neno ambalo limekwisha kuenea. Kasoro yake ni ile ile, maana kitu fiche ni kitu kilichofichwa. Wengine hupenda "sarafu ya kidijitali". Hiyo ni pana mno: Benki Kuu yoyote ikiamua kesho kutoa fedha yake kwa njia ya kompyuta, nayo itakuwa sarafu ya kidijitali, ilhali haitakuwa na lolote la kufanana na hii tunayoisema. Sisi twapendekeza "sarafu ya msimbo". Msimbo ni neno lenye makazi tayari katika kamusi zetu, nalo laeleza namna mali inavyolindwa pasipo kuahidi kwamba imefichwa.

Kilichomo katika daftari lile ni lakabu. Anwani ya malipo ni mfululizo wa herufi na tarakimu usiotaja jina la mtu, na mtu mmoja aweza kuwa nazo elfu. Kule Kinole, upande wa mashariki wa Uluguru, jina la Kingalu limebebwa na machifu wengi waliorithiana, hata likawa jina moja la watu wengi. Anwani za Bitcoin ni kinyume chake, majina mengi ya mtu mmoja. Satoshi Nakamoto, ambaye naye ni lakabu, alilieleza hili katika andiko lake la mwaka 2008: umma utaona kwamba fulani amempelekea fulani kiasi kadha, lakini hautajua hao ni akina nani, na kwa usalama zaidi mtu atumie ufunguo mpya katika kila malipo. Alikiri pia kwamba malipo mengine hayana budi kuzifunua anwani kadha kuwa ni za mwenyewe mmoja. Lakabu huvuka mto salama maadamu hakuna aliyemtambua avukaye. Akitambuliwa mara moja tu, safari zake zote za nyuma zimejulikana.

Tulipokwenda Morogoro kuonana na watafsiri, walitupeleka Bigwa, chini ya mlima, katika nyumba ya kijana aliyekuwa wa kwanza kuutumia mwongozo kabla haujakamilika. Kompyuta yake ndogo imekaa juu ya kabati, karibu na magunia ya mdalasini na iliki, kwa kuwa kijana huyu huwauzia viungo wateja wa mbali. Alikuwa ameufuata mwongozo hatua kwa hatua, akawasha "mtandao wa siri", na akaamini, kama ukurasa wa kumi na tisa ulivyomwambia, kwamba tangu hapo malipo yake ni ya siri. Anwani ya malipo alikuwa nayo moja tu. Akaichapa juu ya kila pakiti pamoja na namba ya nyumba na jina la mtaa, ili mteja asipotee. Baada ya miezi kadha mteja mmoja wa nje alimwandikia kumpongeza kwa akiba yake, akamtajia kiasi mpaka tarakimu ya mwisho. Haikupita wiki, jirani naye akamtania kwa kiasi hicho hicho.

"Ndugu zangu," alituuliza, "kama ni siri, wamejuaje?"

Milango ya nyumba ile ina makufuli mapya mawili. Bibi yake, alalaye chumba cha mbele, hakuelezwa sababu.

Tulilirudia swali la kijana huyu njiani na hatukupata kosa la mashine. Tor ilifanya kazi yake, ikaficha mahali ujumbe wa malipo ulipotokea. Daftari nalo lilifanya kazi yake, likatangaza malipo. Tulipoufungua ukurasa wa asili tukakuta unasema tu kwamba muunganisho hautaonyesha mahali alipo mtumiaji. Aliyeiongeza ahadi kuhusu malipo ni mtafsiri, naye hakuiongeza kwa uzembe. Aliiongeza kwa sababu neno alilolichagua lilikuwa limekwisha kumwahidi yeye mwenyewe.

Katika kisa hicho limo neno jingine ambalo watafsiri hawakulitilia shaka, wala sisi hatukulitilia mpaka tulipokuwa tumekaa sebuleni pale. Ni neno "anwani". Mwaka 2022, kabla ya Sensa, serikali iliendesha kazi kubwa ya kuzipa nyumba zetu anwani za makazi, na vibao vya mitaa vikasimama hata katika vitongoji ambavyo havikupata kuwa navyo. Hiyo ni anwani ya kwanza. Ya pili ni ile namba ambayo kompyuta hupewa na kampuni ya intaneti ili ipate kupelekewa ujumbe. Ya tatu ni ile ya malipo. Mwongozo waziita zote "anwani", na mara mbili katika ukurasa mmoja neno hilo labadili maana bila msomaji kuonywa. Sasa hatari yenyewe ya kuendesha programu hii nyumbani ni nini, ikiwa si mtu mwingine kuiunganisha anwani ya malipo na anwani ya kompyuta, na hiyo ya kompyuta na nyumba? Lugha iliyopaswa kumwonya msomaji juu ya muungano huo ndiyo iliyouficha. Twashauri kwa mkazo kwamba neno hili lisiachwe peke yake kamwe katika maandishi ya namna hii. Iandikwe "anwani ya malipo", "anwani ya kompyuta" na "anwani ya makazi", hata kama sentensi itarefuka.

Namna muungano huo unavyofanyika yastahili kuelezwa, kwa kuwa mfasiri asiyeielewa hawezi kuchagua neno. Mtu akitaka kulipa, kompyuta yake huwatangazia majirani zake katika mtandao, nao huwatangazia wa kwao, hata habari ikaenea dunia nzima kwa sekunde chache. Msikilizaji mwenye subira huziunganisha kompyuta zake na maelfu ya nyingine, akatega sikio aone nani aliyekuwa wa kwanza kuitamka habari ile. Aliyepata kusimama Mgeta na kusikia mtu akiita kutoka ng'ambo ya bonde anajua kwamba mwangwi hurudi kutoka kila upande, lakini sauti ya kwanza ina mahali pake. Mwaka 2014 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Luxembourg, Alex Biryukov, Dmitry Khovratovich na Ivan Pustogarov, walionyesha kwamba kwa gharama isiyofika euro 1,500 kwa mwezi msikilizaji aliweza kumfikia mwenye malipo kati ya mara 11 na mara 60 katika kila 100, kwa kadiri alivyotaka kujificha yeye mwenyewe.

Dawa iliyotafutwa ni Tor. Ujumbe hufungwa katika bahasha tatu, moja ndani ya nyingine, ukapita mikononi mwa wapokeaji watatu. Wa kwanza anamjua mtumaji lakini hajui unakokwenda. Wa kati hajui mwanzo wala mwisho. Wa tatu anajua unakokwenda lakini hamjui mtumaji. Waliobuni njia hiyo katika maabara ya Jeshi la Wanamaji la Marekani miaka ya 1990 waliifananisha na kitunguu kwa maganda yake. Watafsiri wetu wameiita "njia ya kitunguu", nasi tumeliacha neno hilo lilivyo, maana halihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kushika kisu jikoni.

Ila mwongozo waendelea kusema kwamba mtumiaji wa Tor "haonekani kabisa". Hapo tumepiga mstari mwekundu. Kwa kawaida kampuni impayo intaneti huona kwamba anatumia Tor, ingawa haioni anachopeleka. Tena mwaka 2015 Biryukov na Pustogarov walionyesha kwamba adui aliweza kuwachafulia jina wapokeaji wa mwisho wa Tor, akiwatumia kupeleka ujumbe mbovu hata kompyuta za Bitcoin zikawafungia mlango kwa saa 24; wakabaki wale aliowaweka yeye, na mtumiaji akapita mikononi mwake akidhani yu salama. Programu imerekebishwa tangu hapo. Toleo la 0.12.0 la mwaka 2016 lilianza kujifungulia lenyewe anwani ya kitunguu pale linapoikuta Tor imewashwa, na kwa njia hiyo ujumbe hauhitaji kumpitia mpokeaji wa mwisho atokaye nje ya Tor. Toleo la 0.21.0 la Januari 2021 lilikubali anwani mpya ndefu za aina hiyo, na la 22.0 la Septemba 2021 likaongeza mtandao mwingine wenye kazi kama hiyo, I2P. Hata hivyo atakayejifungia katika Tor peke yake anaonywa: anwani za kitunguu hazina gharama, na adui mmoja aweza kujitengenezea maelfu na kumzunguka pande zote. Maonyo haya yamo katika asili. Katika tafsiri yamebanwa kuwa mistari miwili, kwa sababu, twadhani, yalionekana hayapatani na neno "siri".

Tumefika kwenye "mtandao wa siri", istilahi ambayo kwetu ni mbaya kuliko zote. Neno "mtandao" limebebeshwa mizigo mingi. Ni intaneti, ni kampuni ya simu, maana twaulizana "unatumia mtandao gani?", ni kundi la wanasiasa walioshikana, kama waliokuwepo mwaka 2005 wanavyokumbuka, na magazeti yetu kwa miaka mingi yameandika juu ya mtandao wa majangili na mtandao wa wauza dawa za kulevya. Ukiongeza "wa siri" baada ya neno lenye historia hiyo, umekwisha kupata genge. Mwalimu mmoja wa sekondari tuliyemwonyesha ukurasa ule, pasipo kumweleza unahusu nini, alituuliza kwa sauti ya chini kama polisi wanajua.

Jambo hili si la mzaha. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kuzitafsiri sheria kwa Kiswahili imo mikononi mwa watu wasomao jarida hili. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo la kuzuia biashara ya sarafu hizi. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka watumiaji wa VPN kujisajili. Na kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 uhamishaji wa mali za kidijitali ulianza kukatwa kodi ya asilimia 3. Hatuhukumu hekima ya maagizo hayo. Hiyo si kazi ya meza yetu. Twauliza tu: hakimu wa wilaya akiletewa hati isemayo kwamba mshitakiwa "alikutwa akitumia mtandao wa siri", amebakiwa na nafasi gani ya kusikiliza utetezi? Muuguzi atafutaye habari za ugonjwa wake mwenyewe bila kampuni ya simu kujua, na mwizi, watakuwa wameshitakiwa na nomino moja.

Neno la haki hii twalo, nalo ni la zamani. Ni "faragha". Asili yake ya Kiarabu yahusu utupu na nafasi, na katika Kiswahili likawa mahali pa mtu kukaa asipoingiliwa. Katiba yetu imelitumia: Ibara ya 16 inahusu haki ya faragha na usalama wa mtu, na ndani yake yamo maskani na mawasiliano yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeunda Tume ya kuilinda haki hiyo. Mwongozo wetu, katika kurasa zote arobaini na moja, haukulitumia neno hili hata mara moja.

Tofauti ya faragha na siri hatukuielezwa na kamusi vizuri kama tulivyoelezwa na bibi wa nyumba ile ya Bigwa, aliyezaliwa Matombo. Tulimwamkia, akatuuliza tumefuata nini, nasi tukamwambia kwamba tunatafuta maneno mawili yasichanganyike. Akacheka.

"Wanangu," alisema, "zamani mwali akiwekwa ndani, kijiji kizima kilijua yumo. Hiyo si siri. Lakini nani angethubutu kuchungulia?"

Tuliandika maneno hayo pale pale. Faragha ni mpaka unaojulikana na wote na kuheshimiwa na wote. Siri huhitaji watu wasijue kwamba kipo kitu cha kujua. Anayewasha Tor nyumbani kwake Bigwa hafichi kwamba ana kompyuta wala kwamba ana malipo. Anaomba asichunguliwe.

Bado hapo tunahitaji neno la tatu, maana faragha ni haki, na Tor ni chombo kimoja tu cha kuihifadhi kwa njia moja tu, nayo ni kumfanya mtumaji asijulikane kuwa ni nani miongoni mwa wengi. Mwenzetu mmoja wa ofisini amependekeza "ubilajina". Tumelikataa kwa sababu mbili: halitamkiki vizuri, na kinachofichwa si jina peke yake bali pia mahali na mazoea ya mtu. "Ufichamo" nalo laturudisha kwenye fiche. Twaonelea "kutotambulika" latosha. Ni kitenzi kilichogeuzwa jina kwa kanuni ya kawaida, na lina faida moja kubwa: kutambulika kuna kadiri. Mtu aweza kutambulika kwa urahisi au kwa shida, na mfasiri ataweza kuandika "hupunguza kutambulika" pale ambapo asili haiahidi zaidi ya hapo. Hakuna mtu awezaye kuandika "siri kidogo". Basi badala ya "mtandao wa siri" twapendekeza "mtandao wa kuficha mtumaji". Ni jina refu, twajua. Lakini lasema kinachofichwa, na kwa kukisema lamwachia msomaji nafasi ya kuuliza ni kipi kisichofichwa.

Istilahi nyingine twaweza kuzipitia kwa haraka. "Mnyororo wa vitalu" tumeukataa. Kitalu kwa mkulima ni mahali pa kuoteshea miche, na kwa mwindaji ni kipande cha pori, wala daftari halina miche. "Mnyororo wa bloku" watosha mpaka lipatikane bora. Kwa kompyuta moja moja katika mtandao, watafsiri wametumia "nodi" na "kituo" kwa zamu. Sisi twachagua "kifundo", ambalo wanabotania wetu wanalo siku nyingi. Mkoa wa Morogoro ni mkoa wa miwa. Mkulima wa Kilombero au wa Mtibwa anajua kwamba hukata kipande chenye fundo akakizika, na katika fundo hilo hutoka muwa mzima. Kila kifundo cha Bitcoin kilichokamilika nacho kimelikagua daftari zima chenyewe, bila kutegemea kuambiwa na kingine. Mvuvi naye atakumbuka mafundo ya wavu wake, na wavu ni jirani wa karibu wa mtandao. Tunajua vijana wataendelea kusema "nodi", nasi hatutawakimbiza barabarani kwa ajili hiyo. Lakini maandishi ya sheria na ya shule yawe na "kifundo".

Limebaki neno moja ambalo hatujakubaliana. Wale watatu wapokezanao ujumbe katika Tor mwongozo unawaita "vipokezi", na kwa bahati mbaya unamwita vivyo hivyo yule alipwaye fedha. Tulipendekeza "kipokezanaji", kutokana na mbio za kupokezana vijiti. Watafsiri walitujibu kwa adabu kwamba neno hilo halienei katika kioo cha simu, na mmoja wao akatutajia minara ya mawasiliano iliyoko juu ya Bondwa, ambayo watu wa mjini huiona asubuhi ukungu ukitoka: huo mnara, alisema, hupokea na kupitisha wala haujui aliyesema, basi kwa nini isiwe "mnara"? Tulimjibu kwamba mnara ni mali ya kampuni na husimama mahali panapojulikana, ilhali hivi huendeshwa na watu wa kujitolea. Yeye akasema hilo halimzuii mtu kuelewa. Tumependekeza pia "kipitishi", nao wanalifikiria. Wasomaji walio na neno wamwandikie Mhariri. Mwongozo haujapigwa chapa, na ukurasa wa kumi na tisa umeandikwa upya. Kijana wa Bigwa ameondoa anwani ya malipo katika pakiti zake, na sasa humpa kila mteja mpya anwani yake peke yake.